Mama Odile Lukumani na Maneno Yaliyofungiwa

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika sekretarieti ya Institut Tujenge, Kasongo, Mama Odile Lukumani anastaafu leo, tarehe 2 Julai 2025. Amewatumikia wakuu wa shule watano, mashine mbili za kupiga chapa na ordinateri, yaani kompyuta, tatu. Sisi wanafunzi wa gazeti la shule tumepewa heshima ya kuandika habari zake. Mwenyewe ameomba tusiandike mengi. Tutajaribu.

Alianza mwaka 1994, akipiga chapa barua za Kifaransa kwa mashine iliyokatika herufi “q”. Kila palipohitajika herufi hiyo aliacha nafasi, kisha akaijaza kwa kalamu. Kwenye kabati letu bado kuna barua za miaka hiyo, na hakuna “q” hata moja iliyosahauliwa.

Ordinateri ya kwanza ilikuwa zawadi ya parokia moja ya Ujerumani, na menyu zake zote zilikuwa za Kijerumani. Mama Odile hakujua neno lolote la lugha hiyo. Badala ya kungoja fundi, alihesabu: menyu ya tatu, mstari wa tano, hapo ndipo penye fonti. Aliandika yote kwa Kiswahili katika daftari la jalada la kijani, na mwalimu yeyote aliyetaka kuchapa mtihani alilikuta mezani. Miaka mitatu baadaye Mwalimu Moustapha aligundua namna ya kugeuza menyu ziwe za Kifaransa. Mama Odile alilalamika kwamba amemharibia mashine, kwa kuwa sasa angelazimika kusoma vitu alivyokwisha kuvijua.

Mara moja tu alikosea hesabu. Barua ya kuwaita wazazi wa wanafunzi watoro ilitoka kwa fonti ya kadi za harusi, yenye mikia na maua, na wazazi wawili wakafika wamevaa nguo za sherehe. Mkuu wa shule alicheka hadi akasahau adhabu ya watoro.

Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote aliifanya siku za Jumamosi. Mama Marcelline wa Kabambare, shangazi wa marehemu mume wake, alikuwa amemsimulia hadithi ishirini na mbili za Kibangubangu. Kwa miaka minne Mama Odile aliziandika, ukurasa mmoja Kibangubangu, ukurasa wa pili Kiswahili. Juu ya irabu aliweka alama za kuonyesha sauti inapanda wapi na kushuka wapi, na kwa ajili ya alama hizo alitafuta fonti ya pekee. Mama Marcelline ana miaka themanini na mmoja, na macho yake yanachoka. Mama Odile alitaka kitabu kimfikie akiwa bado anaweza kukisoma mwenyewe.

Mwezi wa Machi alituma flashi yenye faili ya kitabu Kabambare kwa pikipiki, kwenye duka la Fabrice mwenye printa. Fabrice alifungua faili akachapa nakala arobaini bila kutazama. Ordinateri yake haikuwa na ile fonti, na kila irabu yenye alama ilitoka kama kimraba kitupu. Mama Marcelline alipopokea nakala yake, alipiga simu Kasongo.

“Odile, maneno yangu imefungiwa mu tunyumba. Ufunguo iko na nani?” Tunyumba, yaani vijumba, ndivyo alivyoviita vile vimraba.

Mama Odile hakumlaumu Fabrice. Alisema kosa ni lake, kwamba kutuma faili bila fonti yake ni sawa na kumtuma mtoto shuleni bila daftari. Akiwa na miaka sitini na mitano alipanda pikipiki, akalala njiani, akafika Kabambare na tope hadi magotini. Menyu za Fabrice zilikuwa za Kiingereza. Mama Odile hakuhangaika kuzisoma. Aliiweka fonti kwenye mashine, akafungua daftari la kijani na kuhesabu, na vimraba vikageuka irabu mbele ya Fabrice. Kisha akatafuta mpaka akapata mahali pa kuamuru fonti ihifadhiwe ndani ya faili yenyewe. Aliiandika hatua hiyo, na huo ndio mstari wa mwisho katika daftari lake.

Kitabu kipya alikipeleka kwa mkono wake. Mama Marcelline hakuanza kusoma. Alipitisha kidole chini ya kila mstari, polepole, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, akitafuta vimraba.

“Yote ilitoka inje,” alisema. Ndipo akarudi mwanzo na kusoma kwa sauti, mpaka majirani wakaleta viti.

Daftari la kijani linabaki mezani petu. Mama Odile anakwenda shambani kwake Lusangi. Asante, Mama, kwa kila herufi, pamoja na zile za kalamu. Tunakuombea siku ndefu na nyepesi huko, na jirani mwenye hadithi ya ishirini na tatu.