Chuma Kinapata Wapi Joto

Kuna fumbo ambalo Mwalimu Bagenda hakuwahi kulifumbua, naye alifundisha fizikia chuoni Butimba mpaka akastaafu. Kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwake alijua kwamba chuma hakina joto lake chenyewe. Hupewa na kilicho jirani nacho. Sasa goti lake la kulia lilikuwa la chuma. Madaktari walilitoa lile alilozaliwa nalo, lililokuwa limesagika, wakamwekea jipya. Mshono ulifunga, maumivu makali yalipita, lakini goti lilibaki limevimba kama andazi, na lilikuwa na moto. Alfajiri, chumba kikiwa baridi na shuka likiwa baridi, aliweka kiganja juu yake akalikuta vuguvugu, kama kikombe ambacho mtu amekinywea sasa hivi akaondoka.

Fumbo hilo alilipeleka kijiweni, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kulipeleka. Kijiwe kilikuwa chini ya kilima cha mawe anapokaa, ubavuni mwa kibanda cha Obedi fundi pancha, ambaye kwa wingi wa hoja walimwita Bunge. Palikuwa na benchi moja refu, na birika la Ndalahwa muuza kahawa juu ya jiko la mkaa. Waliokaa hapo kila alasiri walikuwa walewale: Bunge mwenyewe, Machibya mwenye bucha, waliyemwita Daktari kwa sababu alijua kila kiungo cha ng'ombe, na Yeremia msafirisha dagaa, aliyeitwa Hali ya Hewa, maana hakai kabla hajalitazama ziwa. Bagenda walimwita Mwalimu tu. Walikuwa wamekunywa kahawa pamoja miaka na miaka, na hakuna aliyewahi kuingia nyumbani kwa mwenzake. Kijiwe ndivyo kilivyo. Mtu huja na kile anachotaka kionekane, kingine hukiacha mlangoni kwake.

— Shikamoo Mwalimu, alisema Bunge, akivuta tairi kuukuu mbele ya benchi ili mzee aegemeze mguu. Vipi huyo mpangaji wako wa gotini?

— Marahaba. Yupo. Hajahama, wala hana dalili.

— Na Jonathan?

— Mwanangu anarudi kutoka kazini mwisho wa mwezi. Akikuta goti halikunjiki, ananirudisha Muleba. Anasema nyumba ya kijijini haina ngazi.

— Muleba nani utakunywa naye kahawa?

— Yupo mlinzi. Na migomba.

Wakacheka. Mwalimu naye akacheka, akalipapasa goti juu ya suruali.

— Lakini kwanza nijibuni. Chuma kinapata wapi joto?

Machibya aliweka kikombe chini, kama mtu aliyesubiri zamu yake.

— Hilo ni swali la bucha. Ng'ombe akitoka mnadani kwa miguu, ukamchinja kabla hajapumzika, viungo unavikuta vina moto. Goti lako limechoka, Mwalimu.

— Limechoshwa na nini, na mwenyewe anashinda amekaa? alidakia Bunge. Daktari, hapo unatupiga kamba. Sikilizeni fundi. Beringi mpya ukiifunga leo, kesho inachemka. Inachemka mpaka ikae. Na hapo kinachokosekana ni grisi. Haba na haba hujaza kibaba.

— Haba na haba imeingiaje hapo?

— Grisi. Unatia kidogo kidogo.

— Unatilia wapi?

— Hiyo sasa ni kazi ya Daktari.

— Grisi hiyo nenda kapake ulimi wako, alisema Machibya. Nisikilize mimi. Ng'ombe mgeni ukimwingiza zizini, wale wa zamani wanafanyaje? Wanamzunguka, pembe juu. Hicho chuma ni ng'ombe mgeni. Nyama za Mwalimu zimekizunguka. Huo uvimbe unaouona ni zizi zima limesimama.

— Mpaka lini? aliuliza Mwalimu.

— Mpaka wamzoee. Wengine hawazoei.

— Mimi nasema ni mnara, alisema Bunge, akielekeza bisibisi kule juu kwenye mawe ulikosimama mnara wa simu. Chuma hicho kinadaka mawimbi. Watu wote wa Butimba wanaongea, na maneno yote yanapita gotini. Lisipate moto kwa nini? Ndiyo maana usiku, vifurushi vikiwa rahisi, linazidi.

Yeremia alikuwa amekaa ncha ya mwisho ya benchi, karibu adondoke, kwa sababu juu ya ziwa palikuwa na wingu, dogo bado, la rangi ya kisigino. Tangu Mwalimu atoke hospitali, wingu likionekana Yeremia husogea, na likikua huondoka kabisa.

— Hali ya Hewa, mbona huchangii? Bunge alimchokoza. Au umeanza kusikia harufu ya radi?

— Nyinyi chekeni. Radi inapenda chuma, hilo hata Mwalimu hawezi kukataa. Lile wingu la juu linajua huku chini kuna chuma kimejificha kwenye nyama. Linakitafuta. Kinapotafutwa, kinapata moto. Halafu mmeshajiuliza chuma chenyewe kimetoka wapi? Siku hizi meli zilizozeeka wanazikata, wanaziyeyusha. Chuma kimeogelea maisha yake yote. Ukikiweka mahali pakavu kinafanyaje? Kinayaita maji. Ndiyo huo uvimbe. Maji yakimwagika hayazoleki.

— Yamemwagika au yameitwa? Chagua moja, bwana.

— Yameitwa, yakamwagika.

Mwalimu alicheka mpaka akafuta macho. Angeweza kuwasahihisha wote kwa ubao na chaki. Lakini aliyazoea maneno yao kuliko majibu, na alijua kwamba kwa muda wanaobishana juu ya goti lake, goti si lake peke yake. Jambo moja tu aliliona, akalinyamazia. Walilielekezea vidole, bisibisi, hata kijiko cha kahawa. Hakuna aliyewahi kuligusa.

Pembeni alikuwepo mgeni, mtu wa Sengerema, aliyepata pancha baada ya kuvuka ziwa pale Kigongo, pikipiki yake ikiwa imelazwa pale inangoja gundi ikauke. Bunge alikuwa amemkaribisha kwa kumwambia mgeni njoo mwenyeji apone, maana yake awanunulie kahawa. Mgeni akanunua, akasikiliza, na sasa akakohoa kwa adabu.

— Samahani wazee wangu. Daktari wa hospitali mwenyewe alisemaje?

Lilikuwa swali ambalo halikuwahi kumjia mtu yeyote.

— Alisema uvimbe na joto vinakaa, alijibu Mwalimu. Miezi. Kwa wengine hata mwaka. Hilo alisema nisihangaike nalo. La kuhangaikia ni kulikunja. Kila jioni nikae ukingoni mwa kitanda, mtu ashike kisigino, akisukume taratibu kwenda uvunguni. Goti likatae, asubiri. Likubali kidogo, asukume tena. Kisha mguu uinuliwe juu ya mito, uwekewe barafu.

— Si ndiyo hayo, alisema Bunge. Samaki mkunje angali mbichi.

— Mtu kastaafu, mbichi yupi? alisema Machibya.

— Na huko nyumbani, aliuliza mgeni, nani anamkunja?

Bunge aliiweka bisibisi chini. Akamtazama Machibya.

— Si yuko na shemeji? alisema Yeremia polepole.

— Shemeji alizikwa, kule Muleba. Wewe ulikuwa safarini, alijibu Machibya.

— Basi yuko na nani?

— Niko na Odeta, alisema Mwalimu. Mke wa Jonathan.

— Mkwe, alisema Machibya.

— Mkwe.

Hapo palikuwa na Msukuma, Mjita na Mhaya, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Mkwe humpikia baba mkwe, humfulia, humwombea. Mguu wake mtupu hashiki.

Mwalimu hakumlaumu Odeta. Kila jioni mkwe aliitoa barafu kwenye friji, akaifunga kwenye taulo, akaiweka juu ya kigoda nje ya pazia la chumba, akasema: Baba, barafu hii hapa. Kisha akarudi jikoni. Mwalimu alijaribu kuuvuta mguu kwa shuka alilolizungusha kwenye kifundo, lakini mtu hawezi kujisukuma na kujihurumia kwa wakati mmoja. Mkono ulilegea kila goti lilipolia. Jioni moja alipiga ukelele. Alisikia hatua za Odeta zikija mbio, zikafika kwenye pazia, zikasimama. Vidole vya miguu yake vilionekana chini ya pazia, havisogei mbele wala nyuma. Walikaa hivyo, kila mmoja upande wake, mpaka maumivu yakapoa. Hata yeye mwenyewe, kama Odeta angeingia, angemwomba atoke.

— Hakuna, alimwambia mgeni. Hakuna anayekunja.

Ndalahwa aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni. Likatoa matone, kisha machicha.

— Imekwisha, alisema.

Siku nyingine kahawa ikiisha watu huinuka. Siku hiyo walikaa na vikombe vitupu mikononi.

— Tunapokezana, alisema Bunge hatimaye. Kila jioni mmoja anapanda na Mwalimu. Kuna anayepinga?

— Napinga mimi, alisema Mwalimu. Nyumba yangu haina kahawa.

— Pingamizi limetupwa.

— Mimi wingu likiwa ziwani msinihesabu, alisema Yeremia.

— Wewe hata jua likiwaka hatukuhesabu.

Ikaamuliwa hivyo. Mgeni akafungiwa tairi lake, akaaga, wala hawakumwona tena.

Machibya ndiye aliyetangulia. Alikishika kisigino kama anayejua kazi, akasukuma kama anayejua kazi, na Mwalimu akapiga yowe lililosikika mpaka barabarani. Machibya akauachia mguu. Kesho yake alikaa mbali na Mwalimu.

— Nisamehe, Mwalimu. Mimi nimezoea miguu isiyosikia.

Bunge alikwenda badala yake. Alikunja huku akihutubia, na kila akifika katikati ya sentensi na katikati ya goti, mtu anaita kutoka chini ana pancha. Baadaye ikawa anasema atakuja, kisha ikawa hasemi. Mwalimu hakuwahesabia kosa. Kumtania mtu ni kazi nyepesi. Kumshika ni nyingine, na si wote walioizoea.

Masika yakaingia. Alasiri moja ziwa lilikuwa jeusi, upepo ukaleta harufu ya mvua, na benchi likabaki tupu kabla hata Ndalahwa hajafunika jiko. Yeremia ndiye aliyekimbia wa kwanza. Mwalimu alizipanda ngazi za kilima peke yake, mguu mzima mbele, wa chuma nyuma, akipumzika kwenye kila jiwe pana. Alifika nguo zimelowa. Akabadili, akakaa ukingoni mwa kitanda, akasikia kigoda kikiwekwa nje ya pazia.

— Baba, barafu hii hapa.

— Asante, mama.

Mwisho wa mwezi ulikuwa umekaribia. Alilichukua shuka, akalizungusha kwenye kifundo, akalitazama, akaliachia. Mabati yaliunguruma. Alianza kuiona Muleba: uwanja uliofagiwa, mlinzi asiyependa maneno, migomba.

Kisha akasikia hodi. Sauti ya Odeta ikauliza nani, nyingine ikajibu ni mtu wa kijiweni, na pazia likafunguka.

Yeremia alikuwa amelowa chapachapa. Mkono mmoja alikuwa ameshikilia suruali kiunoni.

— Mkanda nimeuacha nje, alieleza. Una chuma. Na funguo, na saa, na simu. Nimeviweka barazani, vipigwe vyenyewe.

— Yeremia, chuma kikubwa kuliko vyote kiko humu ndani.

— Najua. Nishike wapi?

— Kisigino.

Akakaa sakafuni, akauweka mguu mapajani, mkono mmoja chini ya kisigino, mwingine juu ya goti. Radi ikapiga juu ya mawe, chumba kikawa cheupe. Yeremia akafumba macho, midomo ikimcheza, lakini mikono haikuondoka. Alisukuma kwa woga, na woga wake ulikuwa ndio upole ambao goti lilikuwa likiungoja. Likakataa. Akasubiri. Likakubali kidogo.

— Lina moto kweli, alisema, macho bado kayafumba.

— Ulidhani nawatania?

— Nilidhani unatafuta maneno ya kijiweni.

Alipomaliza aliupandisha mguu juu ya mito, akatoka mwenyewe kuichukua barafu kwenye kigoda. Huko nje ya pazia alimkuta Odeta amesimama. Mwalimu aliwasikia wakiongea kwa sauti ya chini, kisha Odeta akaenda kuchemsha kahawa, ile ambayo Mwalimu alisema nyumba yake haina.

Jonathan alipofika mwisho wa mwezi, jioni ya mawingu, alikuta barazani mkanda, saa na rundo la funguo, akaogopa kwamba baba ameletewa mganga. Akasimama penye pazia, akamwona mtu asiyemjua amekaa sakafuni, na goti la baba yake limekunjika, si sana, lakini kiasi cha ngazi. Hakuuliza kitu. Kesho yake alasiri alimtazama baba yake akishuka mpaka kijiweni, mguu baada ya mguu, naye akasema Muleba isubiri mvua ziishe. Mvua zikaisha, hakuitaja tena.

Uvimbe haujaisha. Na alfajiri, Yeremia akiwa kwake na nyumba imenyamaza, Mwalimu akiweka kiganja anakuta joto lilelile, na bado hajui linatoka wapi. Kijiweni wanaendelea kubishana: beringi, mnara, ng'ombe mgeni. Lakini lile lililoamuliwa siku ya birika tupu, kwamba goti likunjwe kila jioni kwa mkono wa mtu, wote waliliamua, na Yeremia ndiye aliyelitekeleza. Mpaka leo huacha mkanda nje.