Dharura Isiyo na Majeruhi

DADA: Haloo, ununuzi hapa. Nani mwenzangu?

KOPLO: Mimi, dada. Mdogo wako.

DADA: We! Namba ya nani hii? Na shikamoo yangu iko wapi?

KOPLO: Shikamoo. Simu ya mpishi wa kambi. Yangu nimeizima, siiamini. Mama hajambo?

DADA: Marahaba. Hajambo, kila siku anauliza kama unakula. Unakula?

KOPLO: Nakula. Dada, lile faili—

DADA: Nilijua tu. Wewe na kunisalimia wapi na wapi.

KOPLO: Faili la ulinzi wa kompyuta zetu. Limefika wapi?

DADA: Lipo, naliona hapa. Limewekewa birika juu.

KOPLO: Meza ya nani hiyo?

DADA: Ya Kamati ya Kuharakisha Ununuzi.

KOPLO: Si ndiyo iliyoundwa ili—

DADA: Ndiyo. Iliundwa vizuri sana. Haijawahi kukaa. Mwenyekiti yuko semina.

KOPLO: Semina ya nini?

DADA: Ya kuharakisha.

KOPLO: Sasa sikiliza. Wadukuzi wameshaingia kwenye kompyuta ya msafara. Kila tunachoandika wanakisoma. Leo asubuhi nimeandika, msafara kesho, kuondoka saa kumi na mbili. Nikaenda kunywa chai. Kurudi nakuta wamesahihisha. "Saa moja. Huwa mnachelewa."

DADA: Wamesahihisha?

KOPLO: Na kweli huwa tunachelewa.

DADA: Si mbadilishe njia?

KOPLO: Njia moja, daraja moja. Wiki iliyopita walitusubiri palepale. Pona yetu gari la mbele lilipata pancha kabla hatujafika, tukasikia milio tu, tukageuza—

DADA: Milio? Milio ya nini? Mbona hukuniambia?

KOPLO: Ningekuambia, ungemwambia mama.

DADA: Gari la mbele hupanda nani?

KOPLO: Watu wa... [mkwaruzo] ...mawasiliano.

DADA: Yaani wewe.

KOPLO: Mtandao huku mbovu, dada, sikusik—

DADA: Usinizuge! Ni wewe?

KOPLO: Ni mimi. Mkuu wa kambi aliomba mitambo ya ulinzi inunuliwe kwa dharura. Mkakataa.

DADA: Barua ya kukataa nimeichapa mimi. Fomu ya dharura inauliza, nani ameumia? Mkajibu, hakuna.

KOPLO: Kwa sababu hakuna!

DADA: Basi ndiyo hivyo. Hakuna aliyeumia, hakuna dharura. Faili linarudi kwenye foleni.

KOPLO: Kwa hiyo mnasubiri mpaka—

DADA: Ishia hapohapo.

KOPLO: Gari likiungua je? Halitoshi?

DADA: Magari ni idara nyingine.

KOPLO: Na mtu akiumia?

DADA: Msafara unasimamishwa siku hiyohiyo, na mitambo inanunuliwa bila kupita kamati. Ndiyo kanuni.

KOPLO: Kanuni nzuri. Basi kesho jioni mtakuwa na—

DADA: Nyamaza.

KOPLO: Naogopa, dada. Sitanii. Wote tunaogopa, hakuna anayesema.

[birika linawekwa mezani]

DADA: Kalamu yangu nani kachukua... Haya. Nitajie namba yako ya jeshi. Taratibu.

KOPLO: Ya nini?

DADA: Ah, kumbe ipo hapa kwenye orodha ya kambi. Mguu gani?

KOPLO: Mguu gani nini?

DADA: Uliovunjika wiki iliyopita, mkigeuza magari. Taarifa mmechelewa kuileta. Si huwa mnachelewa?

KOPLO: Dada, we mzima kweli? Mkubwa wako atasaini hiyo?

DADA: Huyu anasaini akiwa wima, funguo za gari mkononi. Tangu nimjue hajasoma kitu.

KOPLO: Wakigundua watakufukuza.

DADA: Kunifukuza kunahitaji kamati.

KOPLO: [mkwaruzo] ...na hao jamaa? Huenda hata sasa wanatusikia.

DADA: Hawajambo? Kesho waende tu darajani, wakapunge upepo.

KOPLO: Salio la mpishi linakwisha, dada, ata—

DADA: Mguu!

KOPLO: Kushoto! Wa kulia wa kupigia mpira.

DADA: Kushoto. Nimeandika. Anza kuchechemea sasa hivi, na huyo mpishi akuone.

KOPLO: Dada... mama usije uka—

DADA: Nitamwambia unakula. Haloo? ...Haloo?

[simu imekatika, bado ameishika]

DADA: Mkuu! Samahani, kabla hujatoka. Saini moja tu, hapa chini.