Bi Zawiyah na Bata Aliyegeuka

Baada ya miaka thelathini na sita kazini, Bi Zawiyah binti Kulup anastaafu tarehe 30 Juni. Karakana yetu ya darizi hapa Kuala Kangsar itabaki na fremu yake, mkasi wake, na harufu ya ile dawa yake ya kuchua magoti.

Alianza kwa kukata maua ya kadibodi, yale yanayofunikwa na uzi. Akapanda hadi kulaza uzi wa dhahabu juu ya mahameli, kisha akawa mkuu wa chumba. Mito ya maharusi wa nusu ya mji huu imepita mikononi mwake. Mdomo pia anao, tusifichane: ukishona ovyo atakuuliza kama ulikuwa unashona huku unafukuza kuku.

Miaka michache iliyopita chumba chetu kilikuwa karibu kufungwa. Mafundi tumezeeka, na mwanafunzi alibaki mmoja tu, Suraya. Akapewa mto wa harusi wenye pambo la bata warudio jioni, wale wanaofuatana wote upande mmoja, kurudi nyumbani. Bata mmoja akamshona kinyume. Mahameli ukiifumua hubaki na matundu, na harusi ilikuwa keshokutwa. Suraya akaanza kukusanya vitu vyake huku analia, akisema haji tena. Mama wa biarusi naye akaja juu: "Bata anatoka nyumbani? Mnamtakia mwanangu talaka?"

Bi Zawiyah akautazama mto, akasema taratibu: "Dada, huyo hatoki. Huyo ndiye bwana harusi, anakuja kumpokea mwenzake. Au mkweo mvivu wa kutembea?"

Yule mama akacheka mpaka ushungi ukamlegea, akauchukua mto wake. Hapo Bi Zawiyah akamgeukia Suraya: "Na wewe weka hicho kikapu chini. Kesho unaanza mto mwingine. Ukirudia, nitakupeleka ukalale na hao bata."

Suraya hakuondoka. Leo ndiye anayerithi chumba, na wanafunzi wake mwenyewe wamejaa mpaka viti tunaazima.

Bi Zawiyah, kwa hilo tunakushukuru kuliko yote. Zawadi yako ni mto tulioushona sote. Bata wanaelekea nyumbani kwako Sayong, ng'ambo ya maji, wakapumzike. Mmoja Suraya amemgeuza, safari hii kwa makusudi, anaitazama karakana. Huyo ni wewe.

Kapumzike kwa afya na furaha, mama yetu. Kiti chako hatumpi mtu.