Mzee Pamba na Makofi Yaliyorudishwa

Inatangazwa rasmi kwa wafanyakazi wote kwamba kuanzia tarehe thelathini mwezi huu, pamba na chupa ya spiriti vilivyomo kwenye droo ya chumba cha sauti vinaweza kuguswa na mtu yeyote bila kuomba ruhusa. Mwenye droo anastaafu baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi.

Fundi wetu mkuu wa sauti, Mzee Pamba, aliajiriwa kusafisha mashine za kurekodia, na kwa kweli hajawahi kuacha. Kila cheo alikipanda pamba ikiwa mkononi. Aliwahi kumsimamisha mkurugenzi mlangoni avue viatu. Mkurugenzi akavua, soksi ikaonekana ina tundu, na tangu hapo mikutano ya bajeti haifanyiki tena chumba cha sauti.

Kilele cha kazi yake ni santuri mpya za yale matamasha ya zamani ya mwimbaji wetu wa muziki wa soul, yaliyorekodiwa ukumbini mbele ya watu. Mashine zetu za kufyatulia santuri zilikuwa karibu kuota kutu, na wenzetu kadhaa walikuwa wameshaambiwa wakae nyumbani. Santuri hizo ndizo zingetuokoa, kwa sharti moja: mwimbaji mwenyewe, ambaye sasa ni bibi mwenye wajukuu, azisikilize na kuzikubali.

Mzee Pamba akafanya alichozoea. Kwenye nakala ya kazi alitoa vikohozi, akatoa kiti kilichoanguka, akatoa miluzi, na mkono ulipokolea akatoa na makofi. Sauti ikatakata kama kioo. Bibi alisikiliza upande wa kwanza, akauliza kwani siku ile ukumbini walikuwa wamefiwa. Saini akakataa kutia.

Mwingine angeisingizia mashine. Mzee Pamba aliubeba mkanda wa asili, ambao hakuugusa, hadi sebuleni kwa bibi, akavua viatu bila kuambiwa, wakausikiliza pamoja. Bibi akawa anamtambulisha kwa watu waliosikika mkandani. Huyo anayepiga mluzi ovyo ni shemeji yangu, mrudishe. Huyo anayefoka "Rudia, dada!" ni fundi cherehani aliyenishonea gauni, bila yeye nisingeurudia ule wimbo, na ule wa kurudia ndio ulionipa jina. Na kikohozi, Mzee akauliza? Hicho ni cha mpiga besi. Kiache, mwanangu, aliumwa na akaja hivyo hivyo.

Akawarudisha wote, mmoja mmoja. Tulimsikia akiguna. Bibi alitia saini kabla upande wa pili haujaisha.

Santuri zilikwisha madukani wiki ile ile. Tumefyatua tena na tena, na waliokaa nyumbani wote wamerudi kazini. Siku ya uzinduzi watu walisimama kushangilia, isijulikane makofi yapi ni ya ukumbini na yapi ya kwenye santuri.

Mzee wetu, asante kwa masikio yako, na zaidi kwa kukubali kuyakosoa. Tunakuombea mapumziko marefu, afya tele na kelele za kutosha. Zawadi yako ni santuri ya kwanza kutoka mashineni, yenye saini ya bibi.

Mama watoto wako ametuarifu kwamba nyumbani hamna mashine ya kuipigia.