Kanuni za Mzee, Mchezo wa Binti

Treni haijaondoka hata stesheni, mshonaji aliyekaa nyuma alikwisha jua kwamba yule mzee wa mbele yake ana kijicho. Mzee huyo alikuwa mchapishaji wa michezo ya mezani, na macho yake yaliganda kwenye boksi alilopakata binti wa pembeni yake: mchezo ambao binti huyo aliutunga mwenyewe.

“Kanuni humo ni zangu,” mzee alisema.

“Ni zako, baba. Lakini ulitangaza kwamba yeyote anaweza kuzitumia kutunga mchezo wake.”

“Nilitangaza. Sikusema sitaghairi. Ruhusa naiondoa.”

“Kwa watakaotunga kesho, sawa. Mimi nimeshatunga. Mgeni aliyekwisha kula kwa mwaliko wako, utamtapisha?”

Mshonaji aliona kila mmoja ana hoja. Hakuelewa tu kwa nini mzee, kama ana haki, atokwe na jasho namna ile.

“Na wenzangu wamezitumia miaka yote hukughairi,” binti aliendelea. “Kwa nini leo?”

“Kwa sababu wao hawajui kutunga!” mzee alifoka, kisha akajishika mdomo, lakini maji yalikwisha mwagika.

Treni ilipunguza mwendo. Binti akainuka na boksi lake. Mzee akalishika pembeni, sauti imemshuka.

“Ngoja kwanza, mwanangu. Kwenye mchezo wako, pale darajani mtu anavukaje? Wajukuu zangu wanavuka, mimi wananicheka.”

Milango ilifunguka.

“Soma kanuni, baba,” binti alisema akishuka. “Si ni zako?”