Safu ya Tatu: Miaka Ishirini na Tisa ya Mzee Kidega Okidi

Tarehe 30 Aprili 2026, Bwana Kidega Okidi, fundi wa kompyuta wa Kituo chetu cha Kumbukumbu za Familia za Askari hapa Nakawa, anastaafu baada ya kutumikia miaka ishirini na tisa na miezi miwili. Kamati ya sherehe iliomba wasifu mchangamfu. Tumejitahidi, ila uchangamfu wenyewe umetosha aya moja tu.

Alijiunga nasi Februari 1997 akiwa mpiga chapa. Kompyuta za kwanza zilipofika miaka miwili baadaye, wenzake walijifunza kuziwasha na kuandikia barua. Yeye alitaka kujua kilichofichwa ndani. Aligundua kwamba nyuma ya menyu anazoziona kila mtu, mfumo endeshi una orodha ndefu ya mipangilio ambayo waliouunda hawakupenda iguswe na mtumiaji wa kawaida: muda ambao kitufe cha kibodi husubiri kabla ya kurudia herufi, unene wa kishale, programu zinazojiwasha bila kuitwa. Ukibadili tarakimu moja tu humo, waweza kuihuisha mashine iliyochoka, au kuiua.

Yeye aliwahi kuiua. Mwaka 2001 alibadili tarakimu moja bila kuandika ile ya awali, na kompyuta pekee ya masijala ikakaa siku tisa bila kuwaka, huku wajane wa askari waliofuata faili zao wakirudishwa mlangoni. Tangu hapo hakugusa kitu bila daftari. Ni madaftari ya kawaida ya shule, na kila ukurasa una safu tatu alizozichora kwa rula: ilivyokuwa, nilivyoifanya, kwa ajili ya nani. Yamefika kumi na moja.

Mkuu mmoja wa masijala wa zamani, ambaye amealikwa leo na tunamwomba radhi, alikuwa na desturi ya kuizima kompyuta ya pamoja kila alipotoka chumbani, hata kama wengine walikuwa katikati ya kazi. Mzee Kidega aliingia ndani ya mfumo, akaagiza kitufe cha kuzimia kisifanye lolote zaidi ya kuitia skrini giza. Kwa miaka minne mkuu alibonyeza na kuondoka ameridhika; waliobaki waligusa kipanya, wakaendelea. Katika safu ya tatu imeandikwa: kwa ajili ya amani. Hadi leo taa ya ukumbini ikigoma, Ambroise, anayetuletea chai, humtania: "Mzee, na hii taa, ni weye uliiambia isiwake?"

Mwandishi wa wasifu huu aliajiriwa miaka miwili iliyopita kuwa msaidizi wake, akiwa na shahada na imani kwamba kompyuta zisizofanana ni dalili ya uzembe. Katika juma lake la tatu, Mzee akiwa likizo, alizirudisha kompyuta zote kumi na moja katika hali ziliyotoka nayo kiwandani. Zilipendeza. Zilifanana kama sare za gwaride.

Asubuhi yake Mama Adoch, karani wa masijala, aliketi mbele ya kompyuta namba sita. Mikono yake hutetemeka, na macho yake yanafifia mwaka hadi mwaka. Kwa miaka saba kompyuta ile ilikuwa imefundishwa kumngojea: ilipuuza mguso wa bahati mbaya, haikurudia herufi kidole kikikawia, na iliandika njano juu ya weusi. Sasa ilimtapikia herufi. Aliandika jina la mjane mmoja, Akwero, likatoka na a tano mwanzoni. Faili halikuonekana, na mjane yule akarudi kwake Bwaise mikono mitupu. Alirudi hivyo mara tatu. Mama Adoch alimwambia msomi yule neno moja tu: "Mwanangu, umenipa kompyuta ya mtu mwingine."

Mzee Kidega alirejea, wala hakukaripia. Alifungua madaftari, akasoma mstari baada ya mstari, msaidizi akiandika, siku mbili nzima. Kila mstari alioutaja uliishia kwa jina la mtu.

Tungependa kuishia hapo. Lakini Jumatatu tarehe 4 Mei kompyuta zote zitaondolewa na kuletwa mpya, ambazo mipangilio yake imefungwa kutoka makao makuu. Uwezo wa kuingoja mikono inayotetemeka umo ndani yake, tumehakikisha. Umefungiwa tu, eti kwa ajili ya usawa. Tunathubutu kubisha: kuwapa watu wote kitu kilekile si kuwatendea sawa, na anayedhani ni hivyo hajaketi kando ya Mama Adoch. Mama huyo amebakiza miezi kumi na tisa astaafu. Bila mipangilio ile hawezi kufanya kazi, na asiyeweza kazi ameshaelezwa kwa maandishi kwamba atapumzishwa mapema. Barua zetu mbili, ya Februari na ya Machi, hazijajibiwa.

Kamati ilipomuuliza Mzee Kidega angependa zawadi gani, alijibu kwamba saa ya ukutani anayo. Aliomba kitu kimoja: kompyuta namba sita isiondolewe mezani pa Mama Adoch hadi siku yake ya mwisho kazini. Kwa kuwa anayeweza kulikubali ombi hilo ameketi leo safu ya mbele akiwa na programu hii ya sherehe mkononi, tumeliandika hapa.

Juma lililopita alitukabidhi madaftari yake. Mstari wa mwisho unahusu namba sita. Ilivyokuwa: inafanya kazi. Nilivyoifanya: sikuigusa. Kwa ajili ya nani: Adoch, hadi Novemba 2027.

Mzee Kidega, asante kwa kila mashine uliyoikatalia kufa, na kwa kila jina ulilolikumbuka. Ufike nyumbani Kitgum salama, na miaka iliyo mbele yako iwe ya afya na utulivu. Nasi tunabaki. Mpaka programu hii inakwenda kuchapwa, kompyuta namba sita ingali inawaka.