Katikati ya Picha

Kwenye treni, mbele yangu, mpishi wa shule alikuwa amepakata kamera yake ya kwanza. Mzee aliyeketi kando yake, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema, "Binti yangu, simu ingekutosha."

"Simu wanangu hunipa niishike mimi, mzee wangu. Kila sherehe ni, 'Mama, tupige!' Albamu nzima mimi simo, kama vile walijizaa wenyewe. Hii nimeichagua kwa sababu inajipiga. Naiweka mezani, nabonyeza, nakimbia kukaa katikati."

"Katikati ni pa baba yao."

"Atasogea."

Mzee akaguna, akanuna. Treni ikasimama kituoni kwake, akainuka ashuke, lakini mpishi hakuvuta miguu ampishe mpaka alipokwisha kumpiga picha mzee, akiwa amenuna vilevile.